Usiku Hakuna Mazungumzo: Kijitabu kwa Nyumba Zinazoishi na Mlevi

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha mke mwenye mume mlevi. Ni cha mume mwenye mke mlevi pia. Nao wapo, na wanaona haya zaidi kusema. Ni cha mama mkwe, shemeji, mtoto mkubwa na jirani wa ukuta mmoja. Nimeandika zaidi kwa wanawake kwa sababu ndio ninaowapokea hospitali, hapa mkoani Tanga.

Wanakuja asubuhi, wengi mwisho wa mwezi mashamba ya mkonge yakishalipa, au msimu wa machungwa kule Muheza, au dagaa wakiwa wengi Pangani na Moa. Hela ikiingia, pombe za mnazi, boha na gongo zinauzika. Mmoja kavunjika mkono, mwingine kaungua maji ya moto, mwingine mtoto wake kaanguka kutoka mgongoni. Maelezo yao huanza na maneno yaleyale: "Alirudi usiku amelewa, nikamuuliza hela iko wapi."

KANUNI YA KWANZA: USIKU HAKUNA MAZUNGUMZO

Isome tena. Usiku hakuna mazungumzo.

Usimuulize hela. Usimuulize alikuwa wapi na nani. Usimpekue mifuko. Usimnyime mlango, kwa sababu atauvunja na wewe uko nyuma yake. Usiwaamshe watoto waje wamwone baba yao alivyo. Usimtaje mama yake. Usimjibu akimtaja mama yako.

Najua una haki ya kuuliza. Hela ile ni ya unga, ya sare, ya kodi. Lakini mtu aliyelewa hasikii hoja, anasikia ugomvi tu, na kesho huenda asikumbuke hata neno moja ulilomwambia. Utakuwa umelipa mkono uliovunjika kwa maneno ambayo hayakufika.

Kosa si la anayeuliza. Kosa ni la anayepiga, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kanuni hii haimtetei yeye. Inakutoa wewe mbele ya ngumi.

Fanya hivi jua likizama. Panga, shoka, mundu na mchi viondoke sebuleni na jikoni, viwekwe asipopafikiria. Jiko la mkaa lizimwe na kibatari kiwe juu. Chakula chake kifunikwe mezani ili asikuamshe kukidai. Walale watoto chumba chenye mlango wa pili au dirisha linalofunguka, nawe ulale nao. Viatu na khanga viwe karibu.

Akikuchokoza, jibu moja tu: "Sawa, tutaongea asubuhi." Akirudia, rudia. Usiku hakuna mazungumzo.

Akianza kuvunja vitu, akishika silaha au akikushika koo, toka na watoto. Usichukue kitu. Nenda nyumba mliyokubaliana mapema, iwe ya jirani, ya shangazi au ya balozi. Kushikwa koo kusichukuliwe kuwa ni hasira za kupita. Anayekaba leo anaweza kuua kesho, na aliyekabwa afike hospitali hata kama haoni jeraha, maana shingo inaweza kuvimba baadaye.

ASUBUHI NDIPO PA KUSEMA

Akishaamka, akishakunywa chai, kichwa kimetulia. Mwite mtu anayemheshimu: kaka yake mkubwa, mjomba, mshenga wenu, shehe au mchungaji. Kaeni mchana, si jioni. Sema jambo moja, la jana, kama lilivyotokea. "Jana ulivunja mlango, mtoto akakatwa na kioo." Ukimwita mlevi atabishana na jina, ukimweleza alichofanya, atabishana na nini?

Kama asubuhi yenyewe anaanza kwa kuzimua, na bila kuzimua mikono inatetemeka, basi pombe imeshamshika mwili. Huyo anahitaji hospitali. Kikao peke yake hakitamtosha.

ALIYELEWA HADI HAZINDUKI

Mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo. Usimlaze chali, atapaliwa na matapishi yake. Usimwache peke yake, hata kama umemchoka. Usimlazimishe kunywa kahawa, maziwa wala maji ya chumvi. Asiyejitambua hameza, anapaliwa. Usimmwagie maji ya baridi. Kama haamki ukimtikisa, anapumua polepole kwa kusitasita, midomo imebadilika rangi, mwili wa baridi, ametapika damu au ana degedege, mkimbize hospitali usiku huohuo.

GONGO

Mnazi wa asubuhi ni laini, na ukikaa hadi jioni unakuwa mkali, lakini mnywaji anaujua. Gongo hakuna anayejua kilichomo. Wapo wauzaji wanaoongeza spiriti za viwandani ili iwe kali, na hiyo ni sumu ya macho na ya uhai. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Kenya kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Februari 2024 wakafa tena watu Kirinyaga, hukohuko Kenya.

Dalili zake hudanganya. Mtu anaamka kama mwenye uchovu wa kawaida, kisha saa kadhaa baadaye, hata siku nzima, anasema haoni vizuri, kichwa kinapasuka, tumbo linamkata, anapumua haraka. Usimpe maziwa, usimwache alale ipite. Hospitali, na useme bila kuficha kwamba amekunywa gongo. Daktari hakuulizi ili akupeleke polisi.

Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Ukiviona dukani, mwambie mtendaji wa mtaa.

PIKIPIKI

Dereva amelewa, mtoto hapandi.

BAHARI

Aliyelewa haingii chomboni.

KUACHA GHAFLA, HASA KUELEKEA RAMADHANI

Hili halisemwi, na ni la hatari. Mtu amekunywa kila siku kwa miaka, kisha usiku wa vunja jungu ndio wa mwisho, kesho anafunga. Nia ni njema. Lakini mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kumwangusha. Siku ya kwanza anatetemeka, anatoka jasho, halali. Siku hiyo au ya pili anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuona watu wasiokuwepo, kukwangua wadudu mwilini na kuongea na ukuta.

Hapo ndipo ndugu husema ana mashetani, wakamfunga kamba, wakampeleka kwa mganga. Wapo wanaofia huko. Dua msomee, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali. Usimfungie chumbani eti pombe imtoke. Mtu wa kuzimua asubuhi aende kituo cha afya wiki kadhaa kabla ya Mwezi Mtukufu, aachishwe kwa dawa na uangalizi.

DAWA YA KUMWEKEA KWENYE CHAI

Usimwekee kitu kwa siri kwenye chai wala mchuzi, iwe ya duka la dawa au ya kienyeji. Dawa halali ya kuachisha pombe hupewa anayejua na aliyekubali, kwa sababu zipo ambazo akinywa pombe juu yake anaweza kuzimia na hata kufa. Na akigundua, utalipa wewe, usiku.

DAWA ZA ARV

Anayezitumia asiache kumeza kwa sababu amelewa. Kuruka dozi ni kubaya zaidi kuliko kumeza akiwa amelewa.

HELA

Usilipe deni lake la kilabuni. Muuza pombe akija mlangoni, mwambie amfuate aliyekunywa. Ukilipa mara moja, kesho anapewa tena kwa jina lako.

Namba ya siri ya simu yako iwe yako. Hela ya kikoba isilale nyumbani. Asubuhi, akiwa na akili zake, mwombe akuachie ya chakula kabla hajatoka. Wengine hukubali, na tajiri wake naye huweza kukubali kukupa sehemu kama mwenyewe ameridhia. Hilo pia ni la asubuhi. Usiku hakuna mazungumzo ya hela.

WATOTO

Mtoto asitumwe kununua pombe, wala kwenda kumtoa baba kilabuni. Mwambie kwa maneno mafupi: "Baba anaumwa pombe, si kosa lako." Mfundishe nyumba ya kukimbilia. Asiingie katikati yenu kuamua. Wanaoumia kichwa wengi ni hao.

KARATASI

Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, kadi ya bima na hati ya nyumba vikae kwa mama yako au kwa mtu wa kuaminika. Nyumba mnayoishi kama familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako. Sheria hiyohiyo ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Usiambiwe huna chako.

UVUMILIVU

Utaambiwa uvumilie. Wazee wetu wametufunza kusitiriana, na ni jema. Lakini sitara haikuwekwa imfunike anayevunja watu mikono. Mweleze mtu mmoja kweli yote, bila kupunguza. Usiseme umeanguka bafuni. Sisi wa hospitali tunajua mkono wa kuanguka na mkono wa kupigwa, ila usiposema hatuwezi kuandika.

Na si wewe uliyemfanya anywe, wala huna nguvu za kumwachisha. Unachoweza ni kujilinda na kulinda watoto, na kumfungulia njia ya tiba siku akitaka. Ukiamua kuondoka, usimtangazie, hasa usiku. Siku ya kuondoka ndiyo siku ya hatari kubwa. Ondoka mchana, na watu.

PA KWENDA

Ukipigwa, polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Kama unatokwa damu au umeumia sana, anza hospitali, fomu itafuata.

Kwa tiba ya ulevi, anza zahanati au kituo cha afya, waandike rufaa. Mkoa wetu una Hospitali ya Rufaa ya Bombo, na Korogwe kuna Hospitali ya Lutindi ya KKKT, inayotibu magonjwa ya akili. Kulewa kila siku ni ugonjwa unaotibiwa huko, si laana ya ukoo.

Kwa ndoa yenyewe, nenda baraza la usuluhishi la kata au la BAKWATA, au kanisani kwako. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakuelekeza kwa wanaotoa msaada wa sheria bila malipo.

Polisi ni 112. Kwa mtoto anayepigwa au anayetelekezwa, piga 116, hailipiwi. Ziandike namba hizi leo kwenye daftari la mtoto au nyuma ya mlango wa jirani, kabla mlevi wako hajarudi, na akirudi usiku amelewa, usimuulize hela iko wapi.