SOMO LETU: INJINI YA DIZELI IKIKATAA KUWAKA BAHARINI



Wewe unayesafiri kati ya Faza, Pate na Lamu unaijua hali hii. Mashua imejaa watu, magunia na kuku. Nahodha anabonyeza stata, injini inalia kidogo, halafu kimya.

Siku moja ya kusi nilikuwa ndani ya mashua kama hiyo. Tulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu, anapelekwa hospitali ya Lamu. Injini ilizimika kabla hatujaingia Mkanda. Kijana wetu akabonyeza stata, akabonyeza tena, mpaka betri ikafa. Maji nayo yalikuwa yanakupwa, na Mkanda ni njia nyembamba isiyongoja mtu. Ndipo mzee mmoja akashuka penye injini, akatazama filta, akakuta maji tele. Akayamwaga, akatoa hewa, tukaiwasha kwa hendeli. Mama alifika na akajifungua salama. Lakini tulipoteza saa moja na nusu kwa kazi ya dakika kumi na tano. Kwa hiyo tujifunze.

KABLA YA YOTE: TIA NANGA

Usianze kufungua nati huku chombo kinachukuliwa na maji kuelekea mwambani. Tia nanga, waambie abiria wavae maboya na wakae chini. Kama una tanga, liwe tayari.

DIZELI INAWAKAJE?

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Pistoni inaigandamiza hewa mpaka inakuwa moto sana, kisha nozeli inanyunyiza mafuta na yanawaka yenyewe. Basi inahitaji mambo manne: kuzungushwa kwa kasi, hewa, mafuta safi, na mgandamizo mzuri. Likikosekana moja, haiwaki.

SWALI LA KWANZA: JE, INAZUNGUKA?

Kama haizunguki, au inazunguka kwa uvivu, shida si mafuta. Tazama betri. Huku kwetu chumvi ya bahari hula vichwa vya betri na waya. Fungua, kwangua mpaka ing'ae, kaza tena. Usisahau waya wa hasi unaofungwa kwenye mwili wa injini. Kama una mita, betri nzuri ya volti 12 ikiwa imepumzika huonyesha 12.6 hivi. Ikiwa imeshuka hadi 12 au chini yake, imechoka.

Usibonyeze stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Ipumzishe dakika moja au mbili, la sivyo utaunguza stata na kuua betri.

SWALI LA PILI: JE, EKZOSI INATOA MOSHI?

Inazunguka vizuri lakini haiwaki? Mwambie mwenzako atazame bomba la moshi.

Hakuna moshi kabisa: mafuta hayafiki. Angalia kishikio cha kuzimia injini, huenda kimeachwa kimevutwa. Angalia koki ya tangi iko wazi, na mafuta yamo. Msicheke, mafundi wengi wameitwa kwa mambo haya!

Moshi mweupe: mafuta yanafika lakini hayaungui. Huenda injini ni baridi, mgandamizo ni hafifu, au maji yameingia. Kama injini yako ina hita, ipe muda wake kwanza.

Moshi mweusi: hewa haitoshi. Tazama kama kitambaa au uchafu umeziba njia ya hewa.

JINSI YA KUTOA HEWA

Mafuta yakiisha, au ukifungua filta, hewa huingia kwenye mirija na pampu haiwezi kusukuma. Fanya hivi:

1. Mwaga maji na uchafu ulio chini ya filta. Kama filta ni chafu, weka mpya.
2. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta. Pampu kwa kipampu cha mkono mpaka mafuta yatoke bila povu. Kaza.
3. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli.
4. Legeza kidogo nati za mirija kwenye nozeli, fungua mafuta, zungusha injini. Mafuta yakiruka, kaza nati zote, kisha washa.

TAHADHARI

Usiweke mkono wala uso mbele ya nozeli. Mafuta yale yana nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata likionekana dogo.

Ukitumia hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma inaweza kuvunja kidole.

Usimwagie petroli kwenye njia ya hewa. Wengine husema inasaidia, lakini inaweza kuvunja pistoni au kuwasha moto.

Kama ekzosi yako hupozwa kwa maji ya bahari na unazungusha kwa muda mrefu, funga koki ya maji hayo, maana yanaweza kurudi ndani ya injini. Ikiwaka tu, ifungue mara moja.

KINGA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chuja mafuta kabla ya kutia. Lijaze tangi jioni, kwa sababu tangi tupu hutoa jasho la maji usiku. Weka chomboni filta moja ya akiba, spana za nati zako, hendeli na tochi.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika chombo chetu, nani zaidi ya nahodha anajua kutoa hewa?
2. Skrubu za kutolea hewa ziko wapi? Nendeni mkazioneshane.
3. Ni nani atakayetunza filta ya akiba, na pesa zake zitatoka wapi?

Fanyeni zoezi hili chombo kikiwa kimefungwa gatini, mchana. Usiku, maji yakikupwa na mgonjwa akiwa ndani, si wakati wa kuanza kujifunza.