MOYO UNAOPIGA OVYO NA UGONJWA WA KIHARUSI



Huku kwetu Arua na Koboko, mtu akianguka ghafla na kupooza upande mmoja, husemwa amerogwa. Mara nyingi chanzo kimo mwilini mwake, na pengine kimo katika moyo.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu na kuisukuma katika vile vya chini. Vikishikwa na maradhi tunayozungumzia, huacha kujikaza, vikabaki kutetemeka tu. Damu hutuama humo na kuganda. Donge likichomoka hufuata mkondo hadi ubongoni, likaziba mshipa, na sehemu ile ya ubongo hufa. Hatari ya kiharusi kwa mtu huyo ni kama mara 5 ya ile ya mwenzake.

Wengine hawasikii maumivu yoyote. Basi tujipime. Keti, pumzika kidogo, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Mapigo mazuri hufuatana kama michi ya watwangaji wawili katika kinu kimoja. Yakienda ovyo, nenda kituo cha afya.

Ulaya haya ni maradhi ya wazee zaidi. Kwetu huwapata hata vijana, maana mtoto aliyeumwa koo asitibiwe aweza kupata homa inayoharibu vali za moyo. Kuhusu wagonjwa wa vali wenye mapigo ovyo, mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Waliotumia warfarini, dawa ya zamani, walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa mpya. Aspirini haishiki nafasi yake.

Lakini warfarini ina masharti. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mtu hutokwa damu. Lazima damu ipimwe mara kwa mara, na hapa ndipo mfanyakazi anapokwama: akienda kupimwa anakatwa mshahara, asipokwenda anahatarisha maisha. Siku ya kupima damu si utoro. Wajumbe wa matawi walitie jambo hili katika madai ya ruhusa ya ugonjwa.

Na mwenzako akipinda mdomo, mkono ukalegea au maneno yakamgomea, hata kama ni katikati ya zamu, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msimpe chakula wala maji, na msingoje kupambazuke.