Moto, Maji na Vichaka vya Rasi

Katika ncha ya kusini-magharibi ya Afrika, kuzunguka jiji la Cape Town, mvua hunyesha majira ya baridi, na kiangazi huwa kikavu. Tabianchi hiyo, iliyopewa jina la Bahari ya Mediterania, hupatikana pia California, Chile ya kati na kusini mwa Australia. Huko Rasi ardhi imefunikwa na vichaka vifupi vyenye majani magumu, viitwavyo fynbos kwa Kiafrikana. Eneo hilo lina aina za mimea zipatazo 9,000, na takriban theluthi mbili yake hazioti kwa asili mahali pengine popote duniani.

Ajabu yake ni kwamba vichaka hivyo huhitaji moto. Mimea mingi ya jamii ya protea hufungia mbegu ndani ya vitumba vigumu kwa miaka. Mmea mzazi ukiungua, vitumba hufunguka na mbegu kuanguka juu ya majivu, zikingoja mvua. Moto unaofaa hurudi baada ya miaka 10 hadi 20 hivi. Ukirudi kabla miche haijakomaa, hakuna mbegu ya kuota. Joto linaloongezeka huuita moto mapema, kisha ukame huikausha miche iliyochipua.

Wakazi wa Cape Town waliuonja ukame huo. Mwanzoni mwa 2018 kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 za maji kwa siku. Misonobari na migunga ya kigeni iliyovamia vyanzo vya maji milimani hunywa maji mengi kuliko vichaka vya asili. Kwa hiyo kuing'oa ni huduma ya maji, wala si pambo la mazingira.

Pwani nako mambo si shwari. Dagaa wanaoliwa na pengwini wa Afrika wamesogea mashariki, ilhali visiwa vya kutagia havisogei. Uvuvi nao umechangia. Mwaka 2024 ndege huyo alitangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka.

Tusidhani haya ni ya mbali. Kilimanjaro ina mierika na protea zake, ndugu wa mimea ya Rasi. Misitu ya mierika hunasa maji ya ukungu, lakini moto umeipunguza sana tangu karne iliyopita, na Oktoba 2020 mlima uliwaka tena kwa siku kadhaa.