MAFUNZO YA KIINGEREZA: UMOJA NA WINGI WA MAJINA

Katika Kikamba mtu mmoja ni mundu, na wengi ni andu. Katika Kiswahili ni mtu na watu. Lugha hizi mbili huweka alama ya wingi kichwani mwa neno. Kiingereza huiweka mkiani, na mara nyingi alama yenyewe ni herufi moja tu, yaani "s". Kwa kuwa sikio la mwenyeji wa Kitui au Makueni limezoea kusikiliza kichwa cha neno, ule mkia husahauliwa upesi.

Kosa hilo laweza kuleta hasara. Chukua mfano wa mzee wa Mutomo aliyeuza mbuzi watano kwa ahadi ya kulipwa baadaye, akaandikiwa hati kwa Kiingereza: "I have sold my goat." Hati hiyo yataja mbuzi mmoja. Siku ya malipo, mnunuzi akiwakana wale wanne, karatasi haitamsaidia mzee. Kwa Kikamba neno mbui halibadiliki, lakini linalofuata hubadilika: mbui yakwa ni mmoja, mbui syakwa ni wengi. Vivyo hivyo kwa Kiswahili: mbuzi alipotea si sawa na mbuzi walipotea. Lakini katika Kiingereza "my" hubaki "my", na "sold" hubaki "sold". Ile "s" peke yake ndiyo iliyobeba hesabu yote.

Basi yafaa kanuni hizi zishikwe vema.

1. Majina mengi huongezwa "s": "goat, goats", "farm, farms", "bean, beans".

2. Jina likiishia kwa s, sh, ch, x au z, huongezwa "es", kwa sababu ulimi hauwezi kutamka "s" peke yake baada ya sauti hizo: "bus, buses", "box, boxes", "branch, branches".

3. Jina likiishia kwa y, tazama herufi iliyo mbele ya y. Ikiwa ni a, e, o au u, ongeza "s" tu: "donkey, donkeys", "day, days". Ikiwa ni nyingine, y huondoka na "ies" huingia: "county, counties", "baby, babies".

4. Baadhi ya majina yenye f au fe mwishoni hugeuza f kuwa v: "knife, knives", "calf, calves", "leaf, leaves". Lakini "chief" huwa "chiefs", na "roof" huwa "roofs". Haya hayana budi kukaririwa.

5. Katika majina yanayoishia kwa o, "tomato" huwa "tomatoes" na "potato" huwa "potatoes", bali "radio" huwa "radios". Mkulima wa maembe aweza kuandika "mangoes" au "mangos"; yote mawili ni sahihi.

6. Yako majina ya zamani yasiyofuata "s" hata kidogo: "man, men", "woman, women", "child, children", "foot, feet", "tooth, teeth". Na mwenye kulima kwa maksai akumbuke "ox, oxen".

7. "Sheep" halibadiliki. Mkamba hutenga ilondu na malondu, lakini Mwingereza husema "one sheep" na "ten sheep". Kwa hiyo anayeandika "I have sold my sheep" hajasema kama ni kondoo mmoja au kumi.

8. Yako majina yasiyohesabiwa, nayo hayapokei "s". Hapa ndipo hata waliosoma sana huteleza. Kwa Kiswahili twasema mahindi, mizigo na mashauri, yote kwa wingi. Kwa Kiingereza ni "maize", "luggage" na "advice" tu. Kadhalika "honey", "furniture" na "information". Muuza nafaka aangalie: maharagwe ni "beans" na ndengu ni "green grams", lakini mtama ni "sorghum", bila "s". Ukitaka kuhesabu visivyohesabika, hesabu chombo chake: "one bag of maize, two bags of maize". Mkia huenda kwenye gunia, si kwenye mahindi.

Kiingereza hakiachi desturi yake hata kinapoazima neno. Kikapu kinachosukwa na akina mama wa Ukambani huitwa kyondo, na vikiwa vingi ni syondo. Waingereza walichukua jina kiondo, wakaacha kichwa kama kilivyo, wakabandika mkia wao: "kiondos". Ndivyo walivyofanya hata kwa safari, wakasema "safaris".

Kwa mwenye kuandika hati, iko kinga moja iliyo bora: asiache jina peke yake. Aandike idadi mbele ya jina, kwa maneno na kwa tarakimu. Akiandika "five goats", na 5 kando yake, hata "s" ikisahauliwa hesabu itasimama. Na kwa kondoo, hakuna njia nyingine.

JARIBIO

Sahihisha, ukiacha lililo sahihi: "two ox"; "six knife"; "four donkey"; "three bag of maizes"; "eight child"; "ten sheep"; "many informations".

MAJIBU

"Two oxen", "six knives", "four donkeys", "three bags of maize", "eight children", "ten sheep", "much information".