Mzee na Kiti: Mazoea Yaliyobaki Baada ya Korona

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, misikiti na makanisa yalifungwa, na kafyu ikaanza saa 1 jioni. Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ulizingirwa, hakuna kuingia wala kutoka. Nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai, waliozidi miaka 58 waliambiwa waendelee kusali nyumbani. Dharura ya korona duniani ilikwisha rasmi Mei 2023, lakini wenye wazazi wazee wangali na maswali. Mtaalamu wetu wa afya ya wazee anayajibu.

Daktari, baba ana miaka 74. Zamani alikuwa hakai nyumbani. Siku hizi akiinuka kwenye kochi hushika ukuta, na hakuugua korona wala kiharusi. Ana nini?

Miguu yake ilikosa kazi. Mzee wa mjini haendi jimu, na ukimuuliza kama hufanya mazoezi atakucheka. Lakini hebu mfuate siku nzima: msikitini mara 5, sokoni asubuhi, barazani alasiri, na maziko hayamkosi. Mazoezi yake yalijificha ndani ya shughuli zake. Tulipomwambia akae ndani, kila kitu ataletewa, tulikuwa tukimkinga na maradhi na hatukukosea. Ila zile hatua hakuna aliyemrudishia. Misuli ya mzee hunywea haraka mno. Wazee wenye afya waliokaa kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Kijana huirudisha upesi. Mzee huhitaji kukusudia.

Wakati ule alianza kusali kwenye kiti, na mpaka leo hajaacha. Tumkataze?

Mwenye udhuru ana ruhusa yake, na fatwa si kazi yangu; waulizeni masheikh. Mimi nasema ya mwili. Sala za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, kila rakaa na sijda 2. Anayesali chini huinuka kutoka sakafuni zaidi ya mara 10 kila siku, sunna hujazihesabu. Sijui zoezi la mapaja na kiuno lililo bora kuliko hilo, na ndilo lililomtoka.

Basi msimnyang'anye kiti. Kama goti linamuuma au anashikwa na kizunguzungu, aonwe na daktari kwanza. Kisha tafuteni kiti kigumu, kisicho na magurudumu, mkiegemeze ukutani. Aketi na kuinuka mara 5 bila kujisukuma kwa mikono, apumzike, arudie, na mtu awe karibu naye. Akizoea, ajaribu sijda moja chini, kisha nyingine. Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Anayeanza upya aanze na dakika 10.

Mama ana presha na sukari. Tangu wakati wa korona hataki kliniki. Tunamnunulia dawa zilezile dukani. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Kipimo cha dawa alichoandikiwa 2020 kilikuwa cha mwili wa 2020. Presha hupanda bila kuuma, na sukari huharibu macho na figo na kutia nyayo ganzi kimyakimya. Mpelekeni mwezi huu, na mchukue pakiti zote za dawa, hata za miti shamba.

Baba naye usiku halali, mchana anasinzia mbele ya televisheni.

Atoke apate mwanga wa asubuhi. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na kahawa iishie adhuhuri. Pia muulizeni nani amebaki katika wenzake wa barazani. Wengine husinzia kwa kukosa wa kuzungumza naye.

Na mlipuko mwingine ukija?

Akae ndani, hilo msibishane nalo. Lakini msimletee kila kitu mkononi: aanike nguo, amwagie maua maji, azunguke ukumbini baada ya kila sala. Na mzee aliyeanguka hata mara moja mwaka huu, bila kuumia, apelekwe akapimwe sasa, asisubiriwe aanguke tena.