Magari Yakigusana Maegeshoni

Siku ya wazazi uwanja wetu hujaa magari, na kugusana wakati wa kurudi nyuma si ajabu. Haya nimefundishwa na mjomba wangu, dereva wa teksi mjini Morogoro.

Kwanza, simama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva asimame. Uliza kama yuko aliyeumia. Akiwapo, polisi waitwe. Kisha pigeni picha (sisi wa bweni hatuna simu, lakini wazazi wanazo), mpeane majina, namba za simu na habari za bima. Bima ndogo hailipi matengenezo ya gari lako mwenyewe.

Usikubali kumaliza kwa shilingi elfu kumi kabla hujainama kutazama chini. Bampa la plastiki hurudi likawa kama jipya, kumbe rejeta nyuma yake imepasuka. Maji yakivuja yote, injini huungua njiani.

Taabu ni pale mwenye gari hayupo. Hapo wengi hutazama huku na huku, wakaondoka. Mjomba huandika jina na namba yake, akakibana kikaratasi chini ya waipa, akamwambia na mlinzi. Mara mbili amelipa taa ya mtu ambaye asingalimjua kamwe.