Muhuri wa Siri na Haki ya Raia: Kwa Wakazi wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Kila serikali, iwe ya haki au ya dhuluma, huwa na nyaraka isizopenda zionekane na macho ya watu wote, na hapana mwenye akili timamu atakayedai kwamba mipango ya kulinda mipaka, au jina la mtu aliyewapa polisi habari za wahalifu, yabandikwe sokoni Karatina siku ya soko. Walakini muhuri wa siri hushikwa na mkono wa mwanadamu, na mwanadamu aghalabu huyaonea haya makosa yake kabla hajaiona hatari ya taifa. Ndiyo maana mabishano juu ya maafisa wanaoficha, wanaochoma au wanaohamisha nyaraka za umma hayajapata kukoma, si kwetu, si ughaibuni. Watu wa Nyeri, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru wana sababu kubwa kuliko wengi ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa nyaraka zilizofichwa zilikuwa habari za wazazi wao.

Majalada yaliyovuka bahari

Serikali ya kikoloni ya Mwingereza ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, ili kuwakomesha wapiganaji wa Mau Mau. Takriban watu milioni moja wa sehemu hizi waliondolewa kwa nguvu mashambani mwao wakatiwa katika vijiji vyenye ulinzi, ambavyo wazee huviita ichagi hadi leo, na maelfu kwa maelfu walifungwa kambini bila hukumu ya mahakama. Utawala ule ulipenda kuandika: orodha za waliozuiliwa, barua za malalamiko, taarifa za waganga, amri za wakuu wa wilaya, yote yaliingia masjala. Mwaka 1957, katika kambi za Mwea, wafungwa waliokataa kutii walivunjwa nia kwa kipigo. Na Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, badala ya kulizuia jambo hilo, alilitungia kanuni za kulihalalisha, akamwandikia Gavana Evelyn Baring kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi hawana budi kuitenda kimya kimya. Barua ya namna hiyo haikufichwa kwa kuchelea kwamba adui akiisoma ataiteka nchi. Ilifichwa kwa kuchelea fedheha ya aliyeiandika na ya aliyeandikiwa.

Fedheha ilikuja hata hivyo. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu. Usiku wa tarehe 27 Julai Bunge la Uingereza lililijadili jambo hilo, na Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, akaikemea serikali ya chama chake mwenyewe kwa maneno makali. Lakini hapana waziri aliyeacha kiti.

Uhuru ulipokaribia, Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alipeleka maagizo mwezi Mei 1961 kwamba serikali mpya zisirithishwe karatasi zozote zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, majeshi, polisi au watumishi wake. Hapa Kenya majalada yakatengwa mafungu mawili: yale yaliyoitwa “Legacy”, ambayo Mwafrika angeachiwa, na yale yaliyoitwa “Watch”, yaliyopigwa muhuri wa herufi W na kukatazwa yasishikwe ila na raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Amri zilieleza hata adabu za kuchoma: karatasi zikiisha kuwa majivu, majivu nayo yavunjwevunjwe, na zile za kuzamishwa zitiwe katika masanduku mazito na kutupwa penye kina kirefu, mbali na pwani. Ni nadra kuona watumishi wa serikali wakiifanya kazi yao kwa uangalifu mkubwa kiasi hicho.

Yaliyosalimika, majalada yapatayo 1,500 katika masanduku 300, yalisafirishwa Uingereza mwaka 1963. Serikali ya Kenya iliyadai mwaka 1967, ikayadai tena baadaye, na kila mara ikanyimwa. Yaliishia Hanslope Park, katika majengo ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza yenye ulinzi mkali, na wizara hiyo haikuyatoa mpaka mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya, miongoni mwao Wambugu wa Nyingi aliyenusurika Hola, na Jane Muthoni Mara, walipokuwa wakidai haki zao katika Mahakama Kuu ya London, na mwanahistoria David Anderson akashikilia kwamba majalada hayo hayana budi kuwapo. Ikabainika kuwa hayakuwa peke yake: palikuwa na majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alieleza masikitiko katika Bunge la nchi yake, na waathiriwa 5,228 wakaafikiana na serikali yake kwa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi. Kesi ya pili, iliyokuwa na wadai zaidi ya 40,000, haikubahatika: mwaka 2018 mahakama iliikataa, na miongoni mwa sababu ni kwamba miaka imepita mingi mno, mashahidi wamekufa na ushahidi umepungua. Msomaji na atafakari: aliyechoma karatasi hakudaiwa ushahidi, akadaiwa yule ambaye karatasi zake zilichomwa.

Hata jalada la kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, aliyehukumiwa hapa Nyeri mwezi Novemba 1956, lilidhaniwa kwa miongo mingi kuwa limepotea, hata likachapishwa kitabuni mwaka 2017. Naye Kimathi, huko msituni, alitaka kila jambo liandikwe na kuhifadhiwa, na mwalimu Karari Njama wa Nyeri alikuwa mmoja wa waandishi wake.

Tusiwasingizie wageni peke yao

Sheria ya Siri za Serikali tuliitunga wenyewe mwaka 1968, na marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na Mwingereza iliachwa kitabuni mpaka ilipoondolewa mwaka 2003 chini ya Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya. Mwaka 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake, makamishna watatu wa kigeni waliikana sura ya ardhi, wakidai kwamba ilibadilishwa kwa shinikizo la wakubwa.

Sheria ilivyo leo

Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeonyesha njia. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na asiyejua kuandika ni wajibu wa afisa kumsaidia. Afisa hana ruhusa ya kukunyima kwa kuwa hakuipenda sababu yako. Jibu litolewe kwa siku 21, ambazo zaweza kuongezwa mara moja tu kwa siku 14, na likihusu uhai au uhuru wa mtu, kwa saa 48. Usalama wa taifa ni udhuru halali, lakini si neno la kufungia mjadala: ofisi yaweza kulazimishwa kutoa habari ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara. Kuharibu au kuficha nyaraka kusudi zisitolewe ni kosa la jinai, na mtumishi anayefichua uovu kwa manufaa ya umma hulindwa na sheria hiyo hiyo.

Ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi, kisha ndani ya siku 30 upeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Majalada ya Hanslope sasa yako katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, chini ya alama FCO 141, na yeyote aweza kuyasoma. Anayetafuta habari za babu yake na ataje kambi, mwaka, na wilaya kama ilivyoitwa wakati ule: mtu wa Kerugoya, kwa mfano, aandike Embu, kwa kuwa Kirinyaga haikuwa bado wilaya, na kambi za Mwea zilihesabiwa huko.